Mdoli Aliyeangukia Kushoto

Kwetu Connemara, pwani ya magharibi ya Ireland, mashua ikitoka gatini hugeuzwa kulia, kufuata jua. Ukigeuza kushoto, wazee watakuuliza kama umechoka kuishi. Beartla Mac Donncha, mvuvi wa kambakochi, alilifuata jua miaka hamsini, nami nilidhani cheti cha kushika usukani wa boti ya uokoaji kwake ni mteremko. Kumbe!

Sote kikosini tunajitolea. Hata mkufunzi wetu Sorcha siku nyingine hufundisha hesabu shuleni. Jumamosi ile Beartla alikuwa kwenye jaribio lake la mwisho, mimi nikiwa nao botini. Sorcha akamsukuma majini mdoli wa mazoezi, mkubwa kama mtu. "Mtu majini, kushoto!"

Beartla akakata kulia. Nyuma ya boti ikazungukia kushoto, propela ikampitia mdoli juu kwa juu.

"Umemchinja tena, Mzee Beartla! Akiangukia kushoto, geuza kushoto, propela imwepuke. Hili hata wanafunzi wangu wanalielewa."

"Hao wanafunzi wako wameshavua nini?"

Nilicheka, na kicheko hicho nakijutia mpaka leo. Beartla alizima injini.

"Kaka yangu Festy aliangukia kushoto," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na minne, nimo chomboni. Baba ndiye aliyeshika usukani. Akageuza kulia."

Kijiji kizima tuliambiwa Festy alichukuliwa na bahari. Hata padri alisema hivyo.

"Sasa nikigeuza kushoto nikampata huyu mdoli," akasema, "si ndiyo kusema Baba alimuua mwanawe?"

Sorcha alimtazama kwa huruma. "Baba yako alifundishwa na nani?"

"Na babu."

"Basi yeye hakuambiwa. Wewe umeambiwa."

Tukamvuta mdoli mimi na yeye, kisha akamrudisha majini, kushoto vilevile. "Twende. Ile ya kwanza sijaiandika."

Safari hii mkono wa Beartla ulikwenda kushoto. Boti ikazunguka, mdoli akaja ubavuni mzima, hana hata mkwaruzo mpya. Kanuni zinataka watu wawili wa kumpandisha. Beartla alimshika makwapani, akampandisha peke yake.

Kurudi nilishika usukani mimi. Beartla alikaa chini amempakata mdoli, machozi yanamtoka wala hayafuti. Gatini Sorcha akanyoosha mikono amchukue, akamtundike stoo.

"Mwache kidogo, binti," alisema Beartla. "Maji yalikuwa baridi."