Kinywa cha Mahakama

Mkalimani wa mahakama husimama kati ya jaji na kizimba, mikono mbele, vidole vimeshikana. Vidole vyenyewe ni vyeusi kwa utomvu wa majani chai, maana huchuma shambani kwake Boito kabla ya kuvaa tai, na hakuna sabuni inayoutoa. Jaji akisema "mimi", naye husema "mimi". Mshtakiwa akitukana, hulitafsiri tusi zima kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kabichi. Hasira ni za wenyewe, husema. Yeye ni kinywa tu.

Neno moja ndilo humkwaza. Jaji akitamka "utanyongwa", mkalimani hana njia ya kulisema bila kujiingiza mwenyewe, kwa sababu katika Kikipsigis "utanyongwa" na "tutakunyonga" hutamkwa vilevile. Wote wanajua kamba haijatumika nchini kwa miaka mingi, lakini hukumu bado husomwa, naye huisema akitazama viatu vyake.

Juzi aliisema kwa Kiptum, aliyemuua ndugu yake kwa panga wakigombania mpaka wa shamba. Kiptum hakulia. Aliuliza kitu kwa upole.

"Amesema nini?" jaji akataka kujua.

"Mheshimiwa, anauliza, sisi tutakaomnyonga ni akina nani?"

Jaji alifunga faili akatoka. Kiptum hakumfuata kwa macho. Alikuwa akivitazama vile vidole vyeusi, mpaka mkalimani akavitia mfukoni.