Kidirisha cha Mbele

Baba yangu alikuwa na haja moja tu: afike kwao kijijini Lukafu akiwa bado na pumzi ya kumsalimu dada yake. Daktari alikwisha kutuambia kwamba mapafu yale, yaliyokula vumbi la mgodi kwa miaka mingi, hayana dawa tena. Na kwetu mtu hapendi kuondoka duniani bila mkubwa wake kumpaka pemba, ule udongo mweupe wa baraka, usoni na mikononi. Mkubwa aliyebaki alikuwa dada yake huyo peke yake, shangazi yangu Tantine Monika, na magoti yake hayakumruhusu kusafiri. Basi ilibidi mgonjwa amfuate mzima.

Njia ya Lukafu wakati wa kiangazi ni vumbi tupu. Vioo vya jeep yetu havipandi, na baba hakuweza kukaa kitako muda mrefu. Mteja wangu mmoja alikuwa ameniachia karavani, kile kinyumba cha magurudumu mawili kinachovutwa nyuma ya gari, nimshonee magodoro mapya. Nilimwomba aniazime, akakubali. Mimi ni fundi wa viti vya magari hapa mtaani Kampemba. Sponji, mpira na gundi ndiyo maisha yangu. Nikasema moyoni kwamba safari hii vumbi litanitambua.

Siku tatu nilikuwa naziba. Niliziba mlango, madirisha, matundu ya nyaya sakafuni, hata tundu la ufunguo. Nilipofika kwenye kidirisha kidogo cha paani, upande wa mbele, baba aliyekuwa amekaa kitini akinitazama alisema nikiache wazi. Nilimjibu apumzike. Aliporudia, nikamwambia, na sauti yangu haikuwa nzuri, kwamba kuziba ni kazi yangu, si yake. Nilikibandika mkanda mara tatu, kwa kiburi tu.

Saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka. Mume wangu, Ilunga, alishika usukani, nami nikakaa nyuma kwenye karavani pamoja na baba, simu mkononi ili nimwite Ilunga tukihitaji kusimama. Tulipopita uwanja wa ndege wa Luano, ndege ilikuwa inashuka. Baba aliniomba nimwinue aione dirishani. Akasema wale wana bahati, wanasafiri bila kukanyaga njia.

Lami ilipokwisha, kwa dakika chache hakuna kilichoingia, nami nikajisifu kimoyomoyo. Kisha nikaona mstari mwekundu pembeni mwa mlango, mwembamba, kama pilipili ya unga iliyomwagika. Mwingine ukatokea chini ya kitanda. Vumbi lilikuwa likipita mahali ambapo mimi nisingepitisha sindano. Baba akaanza kukohoa. Nilimpigia Ilunga, tukasimama, nikapangusa kila kitu na kuongeza mkanda juu ya mkanda.

Tulipoendelea, mambo yakawa mabaya zaidi. Nilimfunika baba mdomo kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kikageuka tope. Midomo yake ilibadilika rangi. Niliogopa sana. Nilianza Salamu Maria mara tatu bila kuimaliza hata moja, kwa sababu kila mara alikohoa nikasahau nilipofika.

Karibu na saa nne tulisimama tena, mahali wanawake wanapouza makaa kando ya njia. Walitupa maji. Mmoja alichungulia ndani akauliza kama tumebeba simenti, lakini alipomwona baba akaomba radhi. Tulimkalisha mlangoni. Alichukua muda mrefu kuipata sauti yake.

"Mama, fungua kale ka mbele," akasema. Mimi nina jina la mama yake, ndiyo sababu aliniita hivyo.

"Vumbi itaingia mingi, Papa."

"Iko inaingia sasa. Gari ikikimbia, nyuma kunabakia tupu, na ile tupu inavuta vumbi. Pa chini, mu mine, hatukukuwa tunafunga mashimo yote. Tulikuwa tunaleta mupepo ya muzuri ku mbele, yenyewe njo ilikuwa inasukuma ile ya mubaya inje. Miye, ile njo ilikuwa kazi yangu. Haukuniuliza."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika. Ni kweli, maisha yangu yote nilijua baba anashuka mgodini, wala sikuwahi kumuuliza anakwenda kufanya nini. Nyumbani kwetu mgodi ulikuwa chakula mezani, kisha ukawa kikohozi, basi.

Niling'oa mkanda, ukatoka na rangi ya paa. Nilikifungua kidirisha kiasi cha vidole viwili. Baba alimwambia Ilunga akae mbali na malori ya mbele, nami akaniambia kwamba tukipishana na lori nikifunge hadi vumbi lake lipite. Tulipoondoka upepo uliingia kwa juu, kusikofikiwa na vumbi la magurudumu, pazia likavimba, na ule mstari wa mlangoni ukakatika. Hadi Lukafu nilipangusa mara moja tu. Ila lile alilokwisha kulivuta halikuwa la kupanguswa.

Alasiri tulifika. Tantine Monika alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba, na alipoona Ilunga na majirani wanamleta ndugu yake juu ya godoro, alimcheka kwa wekundu wa vumbi, kwamba ameondoka mtu amerudi tofali. Baba alitabasamu. Kisha Tantine akaanza kusaga pemba ndani ya sahani. Unga ule mweupe ulipopanda karibu na pua ya baba, mkono wangu ulimshika Tantine kabla sijafikiri.

"Tantine, ile unga haiko muzuri ku mapafu yake."

"Muache," baba akasema. "Iyi njo nilikuya kutafuta."

Nilimwachia. Tantine akatia maji, akampaka kwenye paji la uso, mashavuni na mikononi, akiyataja majina ya wazee wao polepole. Baba alifumba macho. Alitaka kulala ndani ya karavani, chini ya kidirisha kile, na humo ndimo alimofia siku ya tatu asubuhi. Tulimzika Lukafu.

Tantine anasema siku zake zilikuwa zimetimia. Ilunga anasema mapafu yalikuwa yamekwisha kabla hatujatoka Kampemba. Labda. Mimi nazikumbuka zile saa za asubuhi njiani, nami ndiye niliyebandika ule mkanda.

Baada ya matanga tulirudi kwa njia ileile. Nilikataa kukaa mbele na Ilunga. Nikakaa nyuma peke yangu, kidirisha kikiwa wazi vidole viwili, kitambaa mkononi. Sikupata cha kupangusa.

Sasa wenye magari wakiniuliza namna ya kuzuia vumbi, nawaambia wazibe nyuma na wafungue mbele, na nawaambia ni nani aliyenifundisha. Mwenye karavani alipokuja kuichukua alishangaa kuikuta safi kuliko alivyoiacha. Nilimshonea foronya mpya ya mto. Ya zamani, aliyolalia baba, ina alama nyeupe ya shavu na kipande cha paji la uso. Hiyo nimebaki nayo, na sijaifua.