Fimbo ya Lamboni na Macho ya Kuazima

Siku moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, ni ile ambayo baba mkwe wangu alinigombeza kwa sababu nilikuwa nimemsaidia. Nimeikumbuka tena juzi uliponipigia simu kutoka huko Makutano, Meru, ukaniambia mimi bibi yako, "Cucu, nataka kununua fimbo ya kuvulia samaki. Wewe ndiye unayejua, niambie ninunue gani." Nilikujibu kwa kifupi, nikasingizia kwamba ng'ombe anangoja kukamuliwa. Ng'ombe nilikuwa nimeshamkamua. Ukweli ni kwamba nilitazama fimbo yangu pale ilipoegemea kabati, haina uzi, nikashindwa kuendelea kuongea.

Sasa tulia nikujibu vizuri. Na usinikatize, maana unanijua, nikianza hadithi huwa napitia kwa majirani kabla sijafika.

Nililetwa hapa Manyatta, Embu, nikiwa msichana, nimetoka kwetu Nkubu, na Kiembu chenyewe nilikuwa nakisikia nusu nusu. Nilikuwa mpweke, mwanangu, siwezi kukuficha. Babu yako alikuwa akifanya kazi mbali na alirudi mwisho wa mwezi. Mtu mwingine mpweke katika boma hili alikuwa baba yake, Mzee Ndwiga, na sababu ya upweke wake ilikuwa samaki.

Watu wetu wa wakati ule hawakula samaki. Walimwona kama ndugu wa nyoka. Lakini lile lambo, bwawa la maji lililo chini ya shamba letu la kahawa, lilikuwa na besi, yule samaki mwenye mdomo mpana anayejificha kwenye matete, ambaye watu wa idara ya samaki walikuja kumwaga vifaranga vyake humo. Mzee Ndwiga alinunua fimbo mjini Embu na kila Jumamosi alishuka lamboni peke yake. Mama mkwe alikuwa mtu wa maombi na mwenye roho nzuri, ila kwa jambo hilo hakuwa na mzaha. "Nyoka wako asivuke mlango wangu," alimwambia. Basi fimbo ililala ghalani juu ya magunia ya mahindi, na samaki walipikwa nje katika sufuria yao ambayo hakuna mwingine aliyeigusa. Mzee alipika, akala, akaosha sufuria na kuiangika kwenye mparachichi, wote tukimtazama tu.

Mimi nisingeweza kwenda kuketi naye hata kama ningetaka. Mke wa mwana na baba mkwe walikaa mbalimbali kwa heshima. Sikumpa mkono. Chakula chake nilikiweka mezani nikatoka. Tukikutana kwenye njia nyembamba, mimi niliingia kwenye kahawa akapita.

Jumamosi moja nilikuwa nachuma kahawa mistari ya chini, nikamwona ameketi kwenye jiwe lake. Alikuwa akijaribu kupitisha uzi kwenye pete za fimbo. Zile za chini ni kubwa, hizo alizipitisha kwa kupapasa. Ile ya juu kabisa ni ndogo. Aliileta karibu na jicho, akaielekeza angani, akalowesha uzi kwa mate, akakosa. Akajaribu tena, akakosa. Nilijaza debe, nikalimwaga guniani, nikarudi, naye bado alikuwa pale pale. Mwishowe alikunja vitu vyake akapanda nyumbani na mfuko mkavu.

"Samaki hawali siku hizi," alimwambia mkewe.

Mama mkwe alimshukuru Mungu. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba samaki hawakuwa wametupiwa chochote. Jumamosi iliyofuata ikawa vivyo hivyo, na nikaona kwamba huyu mzee akiacha kwenda lamboni atabaki na benchi la nyuma ya nyumba na basi. Nikamhurumia. Nikajihurumia na mimi pia.

Basi Jumapili alipokuwa kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, niliingia ghalani, nikapitisha uzi kwenye pete zote, nikafunga ndoana vizuri kama ninavyofunga kifungo cha shati, nikairudisha fimbo juu ya magunia. Nilitoka nikiwa na furaha sana. Nilidhani Jumamosi ataimba.

Jumamosi alipofika ghalani alitoka na fimbo hadi mlangoni, akaigeuza, akaipapasa kileleni. Halafu akairudisha ndani. Hakwenda lamboni. Aliketi kwenye benchi siku nzima akitazama mikono yake, na wiki yote iliyofuata hakuongea na mtu. Nilishikwa na woga. Nilifikiri labda nimegusa kitu kisichoguswa na mwanamke.

Kisha akaja hadi ukingoni mwa shamba nilipokuwa napalilia, akasimama mbali inavyotakiwa.

"Ni wewe uliyetia uzi?"

"Ni mimi, baba."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Kwa hivyo ulijua kwamba sioni."

Nililaza jembe chini. Akaendelea, tena kwa ukali. "Nilipoikuta ile fimbo nilijua kuna mtu ananitazama nikihangaika, na hataki nijue ananitazama. Hilo ndilo limeniuma. Anayevishwa nguo bila kuulizwa ni maiti. Mimi sijafa. Ukiniona nimeshindwa, njoo mbele yangu useme."

"Nisamehe, baba."

Aligeukia lambo. Aliporudi kuongea sauti ilikuwa imeshuka. "Na mimi nilipaswa kusema. Niliona aibu. Hata mama yako kule nyumbani sijamwambia." Kisha akasema, "Niazime macho yako, binti yangu."

Tangu siku hiyo tuliweka utaratibu wetu. Alishuka lamboni, akalaza fimbo kwenye nyasi, akaenda kuketi kwenye jiwe akinipa mgongo. Mimi nilitoka kwenye kahawa, nikatia uzi, nikafunga ndoana, nikailaza fimbo palepale, nikarudi kwenye mstari wangu. Ndipo alipokuja kuichukua. Hatukugusana hata kidole, na hakuna aliyeweza kusema heshima imevunjika. Lakini akiwa kule alinifundisha kwa kupaza sauti, nami nilijibu kwa kupaza sauti, na majirani walidhani tunagombana.

Yote ninayokuambia leo niliyasikia kwa njia hiyo. Alisema besi akishaguswa na ndoana hukimbilia matete, na akizunguka shina moja tu umempoteza. Kwa hiyo usichukue fimbo laini kama mjeledi, na usichukue ngumu kama mpini wa jembe. Ishike, mwenye duka akuvutie kileleni. Kilele kipinde haraka, usikie hata samaki akidonoa, lakini mgongo wa fimbo ukatae. Isikuzidi kimo sana, maana lambo letu lina miti na utaishia kuvua majani. Ifunge rili, kile kigurudumu cha kukunja uzi, halafu uilaze fimbo juu ya kidole chako mbele kidogo ya rili. Ikianguka upande mmoja, mkono wako utalia kabla ya saa sita.

Rili yenyewe izungushe ukiwa umefumba macho. Mimi huichagua hivyo siku hizi kwa lazima, lakini hata wewe mwenye macho fumba. Ikisaga kama kinu chenye mchanga, iache hata kama inang'aa. Jaribu breki yake kwa kuvuta uzi kwa mkono. Uzi utoke kwa kunung'unika. Ukitoka ovyo, samaki ataondoka nao. Ukikataa kabisa, utakatika. Na usirushe kwa bega kama mtu anayefukuza nyani kwenye mahindi. Kiwiko kikae karibu na mbavu, kazi ifanywe na kifundo cha mkono. Samaki akifika ukingoni usimwinue kwa fimbo. Mchote kwa wavu.

Ukirudi nyumbani, hata kama umechoka, suuza tope kwa maji ya kawaida, futa, iache ikauke kivulini. Legeza breki, maana ikikaa imekazwa itaganda. Rili itie tone la mafuta ya cherehani, tone tu, usiikaange. Kisha vuta kipande cha pamba kwenye kila pete. Pamba ikinasa, hapo pana ufa, na ufa huo ndio utakaokukatia uzi siku ya samaki mkubwa. Na usiegemeze fimbo mlangoni. Mzee alivunja kilele cha ile ya kwanza kwa mlango wa ghala, akasingizia mbuzi.

Tuliishi hivyo miaka mingi. Mama mkwe aliniangalia vibaya mwanzoni, baadaye akazoea, na siku moja niliona ile sufuria ya mparachichini imeoshwa na mkono usio wa mzee. Hakuna aliyeuliza.

Mzee alipokuwa hawezi tena kushuka, alituita sote barazani. Alikuwa na fimbo magotini. Nilitazama nyasi nikingoja ailaze nije niichukue kama kawaida. Hakuilaza. Alinyoosha mkono akanipa mkononi, mbele ya watu wote, na mikono yetu ikagusana kwa mara ya kwanza. Nililia, mwanangu, na sikuona haya.

Hiyo ndiyo fimbo iliyoegemea kabati langu. Babu yako alinicheka, eti ana mke mvuvi, halafu akawa ndiye anayenibebea kiti. Macho yangu yalipoanza ukungu nilimwambia siku ileile, maana nilikuwa nimefundishwa, naye akawa anavaa miwani yake na kunitilia uzi akilalamika kwamba pete ni ndogo kuliko haki. Sasa amelala kule juu kwenye mikadamia. Tangu tumzike sijashuka lamboni. Nimejaribu. Nimeketi kwenye jiwe lile, nimelowesha uzi kwa mate, nimeuelekeza angani. Najua pete ilipo lakini siioni.

Nyumba hii ni kimya sana, Mugendi. Asubuhi naongea na ng'ombe, jioni nafungua redio ili kuwe na sauti. Na uliponiuliza juzi kama bado navua, unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema samaki hawali siku hizi. Nilipokata simu nilisikia kabisa ni sauti ya nani niliyoitumia.

Basi nasaha yangu ni hii. Fimbo ichague kwa mkono na sikio kabla ya jicho. Ukiitumia iheshimu, ukiiweka uilegeze. Ukimwona mtu wako anahangaika usimpite, na usimfanyie kwa siri kama marehemu; simama mbele yake umuulize. Na siku utakaposhindwa wewe, sema. Usikae kwenye jiwe ukisingizia samaki.

Mimi nasema. Usinunue fimbo bado. Njoo Jumamosi, uishike hii ya Mzee Ndwiga uone uzito unaofaa, tushuke pamoja. Hakuna haja ya kuilaza kwenye nyasi, wewe nitakupa mkononi. Niazime macho yako, mwanangu.

Mungu akulinde barabarani, aibariki kazi ya mikono yako, akupe uzee mrefu. Na macho yako yatakapochoka, awepo mtu wa kumwita kwa jina, naye aitike.