Noeli Mama Alipobaki Nje

Nakumbuka Noeli moja, mwanangu, na hata leo haijanitoka.

Nilikuwa kijana, karani katika machimbo huko Walikale. Nilirudi kwetu Kibabi nimevaa viatu vyeusi, nikauonea aibu moshi wa jiko la mama. Nikamwambia, "Mama, mwaka huu hapana kupika. Sisi wote tutakula mu restora, kule Masisi."

Akacheka kidogo. "Sisi wote? Tuko batu makumi mbili."

"Wote, Mama."

Baada ya misa tukashuka kilima. Restora ya kwanza ilikuwa ya wazungu. Mpishi alitutazama tu, akafunga mlango. Ya pili, ya mjane mmoja karibu na soko, ilikuwa na meza moja. "Chakula iko ya batu kumi tu," akasema.

Hapo ndipo nilipokosea. Ningepaswa kusema turudi nyumbani. Lakini kiburi hakina masikio. Nikamketisha baba yangu, Papa, pamoja na baba wadogo na wajomba. Mama akasema, "Mimi niko muzuri. Nitabakia inje na batoto."

Mvua ikaanza. Kupitia dirisha nilimwona amesimama chini ya ukingo wa paa, akiwagawia watoto viazi vitamu vilivyopoa. Alikuwa amevipika alfajiri bila kuniambia. Mama alijua tangu mwanzo kwamba nafasi haitatosha.

Papa hakugusa nyama. Alisimama, akaniambia polepole, "Meza yenye kukosa nafasi ya mama yako, ile haiko ya Noeli." Akatoka, akasimama kando yake, akapokea kiazi. Wengine wakamfuata. Nikabaki peke yangu na viti tisa vitupu, na aibu ikanikataza kuinuka.

Nilirudi Walikale bila kumwomba msamaha. Nilijiambia, Noeli ijayo. Kabla ya mavuno, barua ya Papa ikanifikia: Mama amekwisha kuzikwa. Wazee walisema majuto ni mjukuu. Wangu amezeeka nami. Tangu hapo nimekaribishwa kwenye meza nyingi, na kwenye kila moja nimemtafuta Mama.

Basi nakuona ukitafuta restora ya Noeli ya jamaa. Tafuta, si vibaya. Lakini hesabu watu kwanza, viti baadaye. Mmoja akikosa nafasi, rudini wote mkale mkekani. Na neno la msamaha usiliweke mpaka sikukuu, liseme leo.

Mungu akupe siku zote watu wengi kuliko viti vyako, na mama yako awe wa kwanza kuketi.