Mama Mkwe Amelitangazia Kanisa Kwamba Binti Yangu Alikufa Akafufuka

Admin, nifichie jina, lakini maneno yangu usiyapunguze makali. Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, naishi Mtopanga, na nina binti mmoja wa miaka sita.

Juzijuzi binti yangu alishikwa na tumbo, tukakimbia hospitali, tukaambiwa ni kidole tumbo na lazima apasuliwe. Si ule upasuaji wa kuchanwa tumbo zima. Ni wa matundu madogo, wanaingiza kamera. Mume wangu alikuwa kazini, hivyo daktari wa nusu kaputi, dada mdogo tu kwa umri, alinikalisha mimi akanieleza. Tumbo litajazwa hewa ili kamera ione vizuri, na mtoto akikaza misuli au akikohoa anaweza kuumizwa ndani. Kwa hiyo akishalala atapewa dawa ya kulegeza misuli yote, hata ile ya kuvutia pumzi. Nikamuuliza, kwa hiyo hatapumua?

"Hatapumua mwenyewe, mama. Mashine itampumulisha, na mimi nitakaa kichwani pake mpaka aanze mwenyewe."

Nilimpenda kwa kutonificha. Na kweli, mtoto alitoka salama, akaamka akilia anataka uji.

Kosa langu ni mdomo. Mama mkwe alipokuja wodini nilimhadithia yote, nikidhani atafurahi kama mimi. Yeye akashika neno moja tu, hakupumua. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akashuhudia kwamba mjukuu wake alikata roho kwenye kitanda cha upasuaji, na maombi ya kina mama yakamrudisha. Watu walilia kwa furaha. Mimi nilikuwa nyumbani nauguza, sina habari.

Basi wakaanza kumiminika kwangu. Wanamshika mtoto kichwa, wanamtazama kama si wa dunia hii. Mmoja akamuuliza aliona nini huko alikokwenda. Tangu siku hiyo binti yangu halali. Akisinzia anashtuka, anajifinya mkono asilale. Nilipombembeleza aseme shida ni nini, akaniuliza, "Mama, nikilala nitakufa tena?"

Wallahi sijawahi kukasirika vile. Nilimwendea mama mkwe, nikamwamkia kwa heshima zote, nikamwomba awaambie watu ukweli. Akaniangalia akasema, "Wewe mwenyewe uliniambia hakuvuta pumzi. Asovuta pumzi aitwaje?" Nikamwambia anaitwa mgonjwa aliyelazwa kwa dawa. Akasema wasomi tuna kiburi.

Sasa wameandaa ibada ya shukrani. Mtoto avalishwe gauni jeupe, apelekwe mbele, aseme kwa kinywa chake kwamba alikufa akafufuka. Bibi yake anamfundisha hayo maneno nikiwa sokoni. Nimekataa. Nimesema wakimpandisha pale mbele, nami nitapanda, na nitaishika maikrofoni. Mume wangu anasema nimwache mama yake na furaha yake, na nikimwaibisha mbele ya watu nisirudi nyumbani kwake.

Msije mkaniita mpagani. Siku ile nilipiga magoti kwenye sakafu ya hospitali mpaka yakachubuka, na namshukuru Mungu kwa yule dada aliyekaa kichwani pa mwanangu. Lakini Mungu hana shida ya uongo wangu, wala hajaniomba nimlipe kwa usingizi wa mtoto.

Nikimficha nyumbani siku hiyo, ibada itapita ila hadithi itabaki, na atakua akiitwa yule aliyekufa. Nikisimama nikasema, huenda nikakosa ndoa. Je, nisimame mbele ya kanisa zima, au mwaijua njia nyingine ya kumtoa mtoto hofu hii? Nishaurini namna ya kulisema. Anayetaka kunishauri ninyamaze, apite tu.