Chetezo cha Mama Mlangoni mwa Karakana

Mdogo wangu Hafsa anafundisha wahandisi kuchapa vipuri vya metali. Ndiyo, kuchapa. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa. Mashine inatandaza unga wa metali, laini kuliko wa ngano, leza inauyeyusha tabaka kwa tabaka mpaka kipuri kizima kinatoka. Unga wenyewe ni aloi, yaani metali zilizochanganywa, na Hafsa akianza kukueleza kwa nini alumini hutiwa silikoni, chai yako itapoa. Huyu ndiye yule mtoto wa Chumbageni aliyekuwa akifungua redio za watu na kuzirudisha zina skrubu pungufu.

Siku ya kufungua darasa lake la kwanza, mama yetu, Bi Asmahani, aliamka na lake. Kwetu kitu kipya hakianzi kazi bila kufukizwa. Nyumba hufukizwa, bibi harusi hufukizwa, hata friji langu lilifukizwa. Sasa mashine ya Hafsa, tuliyoiombea dua miaka yote ile, iachwe hivi hivi? Akatia makaa kwenye chetezo cha udongo alichoachiwa na bibi, akachukua udi wake mzuri, tukaenda karakanani.

Wageni tuliambiwa tukae barazani. Mama akaninong'oneza, "Najat, napita nyuma mara moja, nifukize nitoke."

Nikamfuata. Ndani walikuwa wakichekecha unga wa alumini. Mlango ukafunguka, Mama huyo, na moshi wake, na makaa yake mekundu, "Bismillahi..." Hafsa akapiga ukelele sijapata kuusikia. "Toka! Toka nje!" Akamsukuma. Mama mzazi, jamani! Kamsukuma kifua kwa kifua mpaka nje, chetezo kikaanguka kwenye saruji, vipande vipande. Wahandisi macho yamewatoka. Mama akajifunika uso kwa mtandio.

Nilitaka kumnasa kibao, wallahi. "Umemfanya nini Mama mbele za watu?" Hafsa alikuwa anayamwagia makaa mchanga.

Alikuja kuomba radhi jioni ile ile. Mama akageukia ukutani. Akaja tena, akapiga magoti, Mama akaitikia salamu, basi. Nami sikumwonea huruma. Nilimwambia, "Elimu gani hiyo ya kumsukuma mzazi?"

Kisha akaja Lucas, mmoja wa wale wahandisi, kijana wa Lushoto mwenye adabu zake. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Akaketi mkekani, akasema amekuja kumsemea mwalimu wake.

"Mama, ule unga ukitimka hewani ukakutana na kaa la moto, hauungui kama kuni. Unalipuka. Tungeteketea wote, na wewe wa kwanza."

Mama akauliza, "Na Hafsa anaushika kila siku?"

Lucas, masikini, akasema kweli. "Kila siku, mama. Ndiyo kazi anayotufundisha."

Nilitamani nimzibe mdomo. Mama hakula siku hiyo.

Nikadhani yamekwisha. Asubuhi ya Idi, Mama akatandaza nguo zetu juu ya tenga, akazifukiza kama kawaida: kanzu za wanangu, baibui langu, mtandio wake. Gauni la Hafsa likabaki msumarini. Hafsa alipokuja akaliona, akaangua kilio, mtu mzima anayefundisha wahandisi.

"Mama, bado hujanisamehe? Hata udi unaninyima?"

Mama akamshika mikono, akaigeuzageuza, akaitazama kidole kwa kidole. "Nilikusamehe tangu alipokuja yule kijana. Naogopa, Hafsa. Nguo zako siziweki tena karibu na makaa. Nisije nikakuunguza kwa mkono wangu mwenyewe."

"Mama, gauni hili jipya. Halijafika karakana."

"Hata kama." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Iache kazi hiyo, mwanangu."

Hafsa akafuta machozi. Nilijua atajibu nini, na nilimwonea uchungu Mama kabla hajajibu.

"Siwezi, Mama."

Mama akaitikia kwa kichwa. Akalitungua gauni, akamvalisha yeye mwenyewe, vifungo vinamponyoka, hataki nimsaidie. Tukaenda kuswali Idi sote tunanukia udi, isipokuwa Hafsa, na Mama akamshika mkono njia nzima.