Tumbusi Aliyefanana na Mkubwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mtunzaji Mkuu hakunipa kisu wala waya. Aliniambia nisimame kwa mguu mmoja, kama kipanga anayevizia panya. Nilisimama hadi goti likatetemeka. "Vizuri," akasema. "Umeanza kujifunza kujaza ndege."

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa serikali ya wanajeshi, katika nyumba ndogo ya makumbusho mjini Kampala ambayo siku hizi haipo. Vijana mnaouliza kazi hiyo ilikuwaje, niwaeleze taratibu. Ngozi ya ndege aliyekufa huchunwa, hupakwa dawa ya kuzuia wadudu, kisha huvishwa juu ya kiwiliwili cha waya na pamba. Macho ni ya kioo. Hayo utayajua kwa miezi michache, usiogope. Kigumu ni msimamo.

Mtunzaji aliamini kwamba kila ndege mla nyama ana binadamu wake. Furukombe ni mtu anayetaka kusikika kabla hajaonekana. Mwewe hudokoa sahani yako huku akikusalimu. Bundi hunyamaza mkutano mzima, kumbe ndiye aliyesikia yote. "Tafuta mtu unayemjua," alinifundisha. "Simama kama yeye mbele ya kioo, halafu ukunje waya kama mwili wako ulivyojikunja." Nyuma ya lebo, kile kikaratasi cha mguuni, tuliandika kwa penseli jina la mtu huyo ili tusimsahau. Kazi ikiisha, tunafuta.

Kisha jeshi likatuletea msimamizi, Kapteni mmoja. Saa ya chakula alizunguka meza zetu, shingo mbele, mabega juu, akingoja kuona nani atabakiza. Wiki hiyo nilikuwa najaza tumbusi, yule ndege anayengojea mizoga. Sikuhitaji kwenda mbali kutafuta mtu.

Tumbusi alitoka vizuri mno, na kwa furaha nikasahau kufuta.

Ijumaa Kapteni akaingia karakanani. "Nasikia hapa kila ndege iko na mtu yake," akasema, akisimama mbele ya tumbusi. "Hii ni nani?"

Mtunzaji akanitazama. Rangi ya uso wangu ilimweleza kila kitu. Siku zile watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Huyo bado hajapata mtu, Afande," akajibu.

Kapteni akainama, akaishika lebo kwa vidole viwili. Hakuigeuza. Alikuwa anaikagua shingo. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mzee, wewe naficha nini? Hii ni Meja. Shingo ya Meja, tumbo ya Meja. Hata hasira ni ya Meja."

Alicheka hadi akafuta machozi. Halafu akageuka kuutazama mlango. Meja alikuwa mkubwa wake, na sisi tulikuwa mashahidi wawili.

"Nyinyi mmesikia nini?"

"Hatukusikia kitu, Afande."

"Na mimi sikusema." Akaiachia lebo polepole.

Alipotoka nilifuta lile jina kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Tangu hapo, kila Ijumaa Kapteni alituletea sukari, ambayo madukani ilikuwa haionekani, akauliza kama tu wazima. Tulikuwa wazima, na chai yetu ilikuwa tamu.

Nimestaafu sasa. Ndege wetu walihamishiwa shule moja ya Mengo, na mara nyingi nimewasikia wanafunzi mbele ya tumbusi: huyu ni mwalimu wa hesabu, huyu ni mwenye nyumba wetu. Sijasikia mtu akisema, huyu ni mimi.

Mwaka jana nilimpeleka mke wangu kumwona tumbusi. Nikamsimulia habari za Kapteni. Akamtazama yule ndege, akanitazama mimi.

"Kapteni simjui," akasema. "Lakini hii shingo naifulia kola tangu tuoane. Hivi ndivyo unavyosimama ukingoja chai."

Nikanyoosha shingo, nikashusha mabega. Kabla hatujafika getini vilikuwa vimesharudi mahali pake.